Jicho la Kushoto la Fabiani

Kasense, Sumbawanga
5 Agosti 2001

Mdogo wangu Klementina,

Upepo wa huku bado unakata masikio. Naandika nimejifunika mablanketi mawili, kwa hiyo mwandiko ukiyumba usiseme dada amezeeka. Sote tu wazima, ila mama macho yake yamezidi. Ule ukungu aliokuwa akiulalamikia wewe ulipokuja Krismasi sasa umefunika kabisa. Mimi ananijua kwa sauti, na baba anamjua kwa kikohozi.

Barua iliyopita nilikueleza habari aliyoileta Mayunga, yule kijana wa Kisukuma ambaye baba yake anafuga ng'ombe kule Mtowisa. Yeye na Fabiani wetu walikuwa wakichimba dhahabu pamoja huko Chunya. Alisema mwezi wa tatu shimo lilimporomokea Fabiani, naye Mayunga akakimbia bila kugeuka nyuma. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akachukua jembe akaenda kulima ingawa jua lilikuwa linazama. Sasa ameamua. Tarehe mbili Novemba, siku ya marehemu wote, jina la Fabiani litasomwa kanisani pamoja na marehemu wengine wa ukoo, na baada ya hapo tutakaa matanga kama watu wengine wanavyokaa.

Mama ana ombi lake. Picha ya kaka yako tunayo moja tu, ile ya seminari, amevaa shati jeupe. Mama huishika siku nzima, lakini anasema kidole kinateleza, picha ni laini kama sahani na ndani yake hapati mtu. Uzi ndio unaoshikika. Anataka nimshonee uso wa Fabiani kwenye kitambaa, mkubwa, kwa mishono ya msalaba, ili ampapase. Siku ya misa kitambaa kitatandikwa mezani mbele ya altare, pembeni ya mshumaa.

Maua na ndege nashona hata nikisinzia, wewe unajua. Uso wa mtu siwezi kuuchora. Ila ulinisimulia kwamba kompyuta ya pale dukani mnapochapa barua inaweza kuikata picha ikawa miraba ya kushonea. Mimi nilicheka, nikakuambia Dar imekufundisha uongo. Sasa naomba huo uongo uwe kweli. Picha nimeitia kwenye bahasha hii. Ukiipoteza usirudi nyumbani, maana ndiyo iliyobaki.

Dada yako,
Coleta


Dar es Salaam
19 Agosti 2001

Dada Coleta, shikamoo. Baba na mama nao wafikishie shikamoo zangu.

Picha imefika bila kukunjika. Si uongo, dada. Programu yenyewe iko ndani ya diski aliyotuachia mama mmoja Mjerumani aliyekuwa akifundisha wasichana kushona. Unailaza picha kwenye mashine, inamulikwa, inatokea kwenye kioo. Halafu unaiambia kompyuta unataka miraba mingapi na rangi ngapi, nayo inaukata uso vipande vipande. Kila mraba unapewa alama, nukta au duara au kistari cha mshazari, na kila alama ina uzi wake. Ukiwa karibu huoni mtu, unaona alama tu, kama mchanga uliomwagika. Ukirudi nyuma mpaka mlangoni, mtu anatokea. Mara ya kwanza nilishtuka.

Nitafanya. Lakini nina maswali, na usikasirike. Mayunga aliuona mwili kwa macho yake? Kuna mtu aliyelifukua lile shimo? Misa haiwezi kungoja mpaka Pasaka? Watu wa machimbo huhama, dada. Leo mtu yuko hapa, kesho ana jina jingine na mji mwingine. Kumsomea mtu jina lake kati ya marehemu si kama kumwandika kwenye orodha ya harusi, kwamba asipokuja basi.

Barua hii nimeianza mara tatu na kuichana. Usingizi wangu siku hizi ni wa vipandevipande. Bosi amenigombeza kwa kuchapa tangazo la mtu na kusahau jina lake. Baba usimwambie kwamba nimeuliza.

Klementina


Kasense
2 Septemba 2001

Klementina,

Nilingoja mchoro, umeniletea maswali. Nakujibu mara moja ili tumalize. Mwili haukuonekana kwa sababu uko chini ya udongo, na watu wa machimbo hawafukui, wanahamia shimo jingine. Ndivyo Mayunga alivyosema, na Mayunga alilia pale uani mpaka mama akambembeleza yeye.

Kuhusu Pasaka, hapana. Na kwa nini hapana, unajua, kwa sababu siku ile ulikuwa umekaa jikoni pamoja nami. Fabiani aliporudi na sanduku lake akasema upadre hautaki tena, baba alimwambia, "Uso wako nisiuone tena." Fabiani akainuka pale pale, chai yake ikabaki mezani. Ni miaka minne sasa. Tangu Mayunga aje, baba anaamini si udongo uliomfukia mwanawe, ni kauli yake. Hajatamka hivyo. Lakini nimemsikia shambani akizungumza na matuta, na chakula anakula nusu. Maji yakimwagika hayazoleki, na mzee analijua hilo kuliko sisi. Kilichobaki kwake ni kumwombea mtoto, labda kifua kitapungua uzito. Ukimwambia angoje mpaka Pasaka, unamwambia aendelee kubeba.

Kwa hiyo acha kuwa wakili wa watu wa machimbo, ulete mchoro. Uso si leso. Nahitaji wiki nyingi.

Coleta


Dar es Salaam
16 Septemba 2001

Dada Coleta, shikamoo.

Mchoro huu nimempa konda wa basi mkononi, sikuiamini posta. Una kurasa sita. Ziunganishe kwa gundi ya uji kufuata namba nilizoandika pembeni. Ukurasa wa mwisho una orodha ya nyuzi na alama zake. Nimezipunguza rangi, maana najua sokoni Sumbawanga hamna rangi ishirini za ngozi.

Nakuomba kitu kimoja kwa heshima zote. Fuata kila mraba ulivyo. Usiongeze, usipunguze. Ukiona uso si kama ulivyouzoea, usishangae, shona tu. Anzia chini, kwenye shati, upande juu taratibu. Wewe una tabia ya kusahihisha kazi za watu, hata mahubiri ya padre uliwahi kuyasahihisha mbele ya kanisa. Hii iache.

Ile picha ya seminari nimebaki nayo kwa muda. Nitaileta mwenyewe.

Kuna siku nataka kupanda basi nije niseme mambo yangu nikiwa nimekaa jikoni kwako. Halafu nakumbuka siwezi. Mama akishika uso huo, niandikie siku hiyohiyo alichosema.

Klementina


Kasense
7 Oktoba 2001

Mdogo wangu mpendwa,

Leo nakusifu, na unajua huwa sisifu ovyo. Kompyuta yako ni fundi. Nimeshona huku nikijiona mjinga, nukta hapa, duara pale, sijui kama nashona sikio au kola. Juzi nikakitundika kitambaa ukutani, nikatoka kwenda kumwaga maji. Niliporudi nikakuta Fabiani ananitazama kutoka ndani. Beseni lilinidondoka, na sasa lina ufa.

Kitambaa cha matundu nilipewa na masista. Uzi mweusi na wa kahawia ulipatikana sokoni, siku hizi Wachina wanaleta kila kitu. Uzi mwekundu wa mistari ya shati ndio ulikosekana. Nikanunua sweta la mtumba, nikalifumua lote, sasa tuna uzi wa kutosha kuvisha parokia. Ndiyo, nimeiona hiyo mistari. Picha ilikuwa na shati jeupe, lakini mistari inapendeza, nimeiacha. Unaona jinsi nilivyo mtiifu.

Mama haondoki karibu yangu. Nikimaliza safu anasogeza vidole, anauliza, "Hapa ni wapi?" Namwambia ni shingo, ni kidevu. Alipofika kwenye kidevu akasema mbona kuna ndevu. Nikamwambia kompyuta imeona kivuli. Mashavu pia yamebonyea, kama mtu aliyekaa Kwaresima miaka minne. Hayo yote nimeyavumilia kwa ajili yako.

Ila kuna mahali mashine yako imechoka, na pale sikuweza kunyamaza. Jicho la kushoto halipo. Nilikagua mchoro mara nyingi, nikaupeleka juani. Mahali pa jicho pamejaa nukta, yaani uzi wa ngozi, na mstari mmoja uliopinda unaoshuka mpaka shavuni. Nadhani karatasi ilijikunja kwenye mashine, au umeme ulikatika. Huwezi kumpeleka mtu mbele ya altare na jicho moja. Basi nikahesabu miraba ya jicho la kulia, nikaigeuza, nikamshonea la kushoto. Limekaa vizuri kabisa, huwezi kujua lipi la kompyuta na lipi la Coleta.

Mama alilipapasa akasema, "Sasa ananitazama." Uliniomba nikuandikie alichosema, ndicho hicho. Alikaa na kitambaa mapajani mpaka chakula kikapoa.

Baba bado hajakitazama. Akipita anashusha kofia.

Dada yako fundi,
Coleta


Dar es Salaam
13 Oktoba 2001

Dada,

Fumua lile jicho.

Najua mama alichosema. Nimekisoma nikiwa nimesimama stendi, konda akaniuliza kama nimefiwa. Fumua hata hivyo. Umeme haukukatika. Karatasi haikujikunja. Kompyuta haikukosea jicho, wala ndevu, wala mashavu, wala shati. Picha niliyoilaza kwenye ile mashine niliichagua mimi, na si ile uliyonitumia.

Kuna jambo niliapishwa kwa rozari aliyonipa mama, kwamba sitalisema wala sitaliandika kwa mtu wa nyumbani. Silisemi. Siliandiki. Tangu Aprili nimelibeba, na kila barua yako ilikuwa inanitwanga. Lakini kuhusu kushona hakuna aliyeniapisha.

Fumua, halafu usogee mpaka mlangoni, utazame tena. Usimtafute uliyemzoea. Mtazame aliyepo.

Na ufanye upesi. Tarehe mbili iko karibu na mimi siwezi kuja kusimama kanisani nijibu "Apumzike kwa amani". Nitapiga kelele.

Klementina


Kasense
20 Oktoba 2001

Klementina,

Nimefumua. Nilikuwa nimebakiza nyuzi chache tu nikaelewa. Sindano ikanitoka, nikakaa chini sakafuni kama mtoto.

Kwanza nikugombeze, maana nisipokugombeza nitalia tena. Tangu Aprili! Umemwacha baba aongee na matuta. Umeniacha mimi nimtafutie mtu aliye hai uzi wa kwenda nao altare. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kidogo tu kifo kingetuumbua sote, tena kifo ambacho hakijatokea. Najua uliapishwa. Najua pia kwamba usingefanya ulivyofanya, leo nisingejua. Kwa hiyo nusu ya kichwa changu inataka kukuchapa na nusu nyingine inataka kukubeba mgongoni. Nimemaliza.

Sasa nikueleze yaliyotokea, na umsomee huyo aliyekuapisha, yote, usiruke hata neno.

Sikumwambia mama kitu. Nilikunja kitambaa nikakiweka kitini nikaenda kuchota maji. Niliporudi alikuwa nacho mapajani, kidole kiko pale pale nilipofumua. Akasema, "Coleta, umeling'oa jicho." Nikamwambia ndivyo mchoro ulivyo. Akaanza upya, taratibu, kuanzia kola. Akapita kidevuni kwenye zile ndevu, akapanda kwenye mashavu, akaufuata ule mstari uliopinda mpaka juu. Akarudi tena chini. Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo kichwani, sithubutu kuitua.

Kisha akasema, "Aliyekufa hazeeki. Huyu amezeeka."

Hakulia, Klementina. Aliinuka akapapasa ukuta mpaka kwenye kile kiti cha Fabiani, kile ambacho tangu aondoke kinawekewa madebe ya ulezi. Akaniambia nitoe madebe. Kila kiti cha nyumba hii kina kitambaa chake mgongoni, changu kina maua, cha baba kina jogoo, chako kina yule sungura uliyemshona ukiwa darasa la tano akatoka kama panya. Cha Fabiani kilikuwa kitupu. Mama akakitandika kitambaa pale kwa mikono yake, akakilainisha. Akasema mezani mbele ya padre hakiendi, kwa sababu mwenyewe atakihitaji.

Baba akarudi kutoka shamba. Alifungua mlango, akaanza kushusha kofia kama kawaida, halafu akaona kwamba ukuta ni mtupu na kiti si kitupu. Akasimama pale pale mlangoni. Uliniambia mwenyewe kwamba mlangoni ndipo mtu anapotokea. Nikamwona anaona.

Akaniuliza jicho limekwenda wapi. Nikamwambia, "Ndivyo alivyo sasa, baba. Yuko Dar, na Klementina."

Akaushika mlango kwa mkono mmoja. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, si kwa hasira, kwa nini basi hakuja nyumbani, mtu ameumia kiasi hicho na nyumbani anapajua.

Mama ndiye aliyemjibu. "Ulimwambia uso wake usiuone tena. Amekutii."

Klementina, mimi baba sijawahi kumwona akilia na sitaki kukuandikia alivyolia. Alipomaliza aliomba maji kwenye kikombe. Akajaza kinywa, kama wazee wanavyofanya wanapoirudisha kauli iliyowatoka, akasogea kwenye kiti, akayapuliza usoni mwa kile kitambaa. Akachukua mengine akapuliza tena. Alikuwa akisema maneno ya Kifipa kwa sauti ya chini, na nilisikia akilitaja jina la babu, na la Fabiani, na neno "rudi". Uzi mwekundu wa lile sweta ukachuja, sasa shati lina madoa ya waridi mpaka kifuani. Nilitaka kukiondoa nikifue, baba akanikataza.

Akakaa kwenye kiti chake, wametazamana. Akaniambia nichukue kalamu. Alichosema ni hiki, nakiandika kama kilivyotoka: "Mwambie jicho moja linatosha kuonea njia ya nyumbani. Mwambie uso wake ninauona, na ninautaka."

Leo asubuhi amekwenda kwa paroko kuliondoa jina. Paroko alimuuliza sababu, baba akajibu kwamba walikosea kuhesabu.

Dada yenu,
Coleta


Dar es Salaam
26 Oktoba 2001

Dada Coleta, shikamoo. Shikamoo baba. Shikamoo mama.

Mkono huu mmeusahau, ni mimi Fabiani. Klementina amekaa kando yangu anasubiri kusoma nilichoandika, maana hajaniamini bado.

Msimlaumu. Nilimwapisha mimi. Mayunga naye msimlaumu, alikimbia kwa sababu kila mtu alikimbia. Walionitoa udongoni ni watu nisiowajua hata majina, asubuhi yake, waliporudi kutafuta majembe yao. Jicho lilibaki huko. Nilipojiona kwenye kioo cha hospitali nilifikiri, baba alisema uso huu asiuone, na sasa wenyewe umeondoka, basi neno limetimia na nyumbani sina la kupeleka. Nikaja kwa Klementina kwa sababu yeye hajui kumfukuza mtu. Aliponionyesha kwenye kompyuta yule kijana wa seminari mwenye shati jeupe, nikamwambia, mwache huyo afe, wamsomee misa yake. Alinijibu kwamba nikapige picha studio ya kitambulisho, duka linaihitaji. Nikaenda na shati langu la mistari. Kumbe alikuwa ananidanganya.

Barua yako amenisomea mara nyingi. Pale baba anapopuliza maji namwomba arudie.

Nafika Jumatano jioni, kama basi halitalala Tunduma. Nilikuwa nimenunua miwani nyeusi Kariakoo ili nisiwatishe watu. Nimemwachia Klementina. Ila mama msimweleze nilivyo. Nitapiga magoti mbele yake anishike mwenyewe, aone kama Coleta alishona sawasawa.

Kitambaa kiacheni kwenye kiti. Nitakiegemea.

Fabiani